Alama Mbili za Neno "Invite"

Nikiwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya sekondari hapa Rwanda, nilimnyima mwanafunzi alama mbili kwa sababu ya neno moja la Kiingereza. Aliandika kwamba mjomba wake amepata "an invite" ya harusi. Nikalikata kwa wino mwekundu, juu yake nikaandika "invitation". Niliporudisha madaftari alinifuata, akaniuliza kwa adabu: "Mwalimu, sentensi inayofuata nimeandika 'a visit' na hukuikata. 'Visit' si kitenzi pia?" Nikamjibu kwamba ndivyo Kiingereza kilivyo. Nilijua papo hapo kwamba sijajibu kitu.

Sisi tunaosoma Kiswahili tumezoea kitenzi kubadilika kabla ya kuwa nomino. Kutokana na cheza tunapata mchezo, mchezaji na uchezaji. Hata tukitaka kitendo chenyewe tunahitaji ku-, tuseme kucheza kwake. Kiingereza kilipoteza sehemu kubwa ya viambishi vyake tamati katika Zama za Kati, na neno huhama kutoka aina moja hadi nyingine bila kubadili nguo. Hakuna anayeshtuka akisikia "a run", "a walk" au "a laugh". Shakespeare, katika tamthilia ya Hamlet, alikitumia kitenzi "disclose" kama nomino. Nilipotafuta historia ya maneno yale mawili ya mwanafunzi wangu, nilikuta yote yalianza kutumika kama nomino katika karne ya 17. Moja likakaribishwa ndani, jingine bado linasimamishwa mlangoni.

Wakosoaji wana hoja: kama "invitation" na "request" yapo, "invite" na "ask" ni ya nini? Lakini maneno hayo hayalingani kila mara. "A good read" ni kitabu kinachosomeka kwa raha. Ukisema "a good reading" umesema jambo jingine.

Hoja yao nzito zaidi ni ya kimaadili. Mkubwa wa ofisi anayesema "our ask is" amejificha nyuma ya nomino, ilhali anayesema tunaomba ameweka tu- mbele, na kila mtu anajua nani anaomba. Nakubali. Ila kujificha huko hakuhitaji nomino mpya. "Request" inaficha vilevile. Na Kiswahili chetu sanifu? "Ucheleweshaji wa malipo ulitokea." Sarufi haina dosari, aliyechelewesha hayupo, na hakuna mhadhiri aliyewahi kunikatia sentensi ya namna hiyo.

Basi kilichohukumiwa siku ile hakikuwa uwazi wala ukweli. Mzungumzaji wa London asiyelipenda neno "invite" ataguna tu, na anayelitumia hapungukiwi na kitu. Hapa kwetu, tangu uamuzi wa mwaka 2008 wa kufundishia kwa Kiingereza, mtoto hupimwa hata hisabati na sayansi kwa lugha ambayo wengi hawaizungumzi nyumbani. Alama mbili kwake si mzaha. Na mimi niliyejifunza Kiingereza darasani nilikuwa mkali kuliko wenyewe, kwa sababu mgeni huogopa kuvunja kikombe kuliko mwenye nyumba.

Rafiki yangu tuliyekuwa naye kwenye mazoezi alinipinga. Alisema msahihishaji wa mtihani wa taifa huenda akalikata neno lilelile, na huruma yangu itamponza mtoto. Ni kweli, ninapaswa kumwonya. Lakini kumwambia "katika barua rasmi na katika mtihani tumia invitation, kwa rafiki yako invite inafaa" ni kumfundisha mazingira ya matumizi. Kumwambia "hili si Kiingereza" ni kumwambia uongo, tena uongo unaotoka kwa mtu anayemwamini na aliyeshika kalamu nyekundu.

Wiki iliyofuata nilimwita, nikamweleza hayo na kumrudishia alama zake. Alishukuru, kisha akauliza kama wenzake watatu waliokatwa kwa neno hilohilo nao watarudishiwa. Sikuwa nimewakumbuka. Nilimwomba aniletee madaftari yao.