Hukumu ya Khatima

Mtu aliyeifuata tamthilia ya televisheni kwa miaka minane, akawajua watu wake kwa majina na kwa tabia, akawahuzunikia waliouawa na kuwalaani waliowaua, hupatwa na msiba wa peke yake pale anapotambua, sehemu mbili au tatu kabla ya kumalizika, kuwa hadithi aliyoipenda imeharibika na wasaa wa kuitengeneza haupo tena. Hali hiyo si ghadhabu tupu wala si huzuni tupu, na ajabu yake ni kuwa mtazamaji huyo haondoki. Anajua kuwa atakayoyaona hayatamfurahisha, lakini usiku wa mwisho yupo mbele ya kioo, kama jamaa aliyekosana na mgonjwa kwa miaka mingi akaenda kumzuru akiwa mahututi, kwa kuwa kutokwenda kungekuwa aibu kubwa kuliko ugomvi wenyewe.

Game of Thrones, iliyoanza kuonyeshwa Marekani na HBO mwezi wa Aprili 2011 na kumalizika tarehe 19 Mei 2019 baada ya sehemu 73, ni mfano ulio wazi. Misimu sita ya kwanza ilipewa sehemu kumi kila mmoja. Wa saba ukapata saba, na wa nane sita tu, ilhali mambo yaliyobaki kusimuliwa hayakuwa machache. Vitabu vya George R. R. Martin, vilivyokuwa tegemeo la waandishi, vilikuwa vimewaishia njiani, maana cha tano kilitoka mwaka ule ule wa 2011, na cha sita kilikuwa hakijatoka hata tamthilia ilipofika mwisho. Basi Daenerys, malkia aliyewafungulia watumwa minyororo yao, akauteketeza mji mzima pamoja na watoto waliokuwamo baada ya kengele za kusalimu amri kwisha kulia. Sisemi kuwa mkombozi hawezi kugeuka dhalimu. Tarehe za ulimwengu zimejaa wakombozi wa aina hiyo. Nasema kuwa safari ndefu ya moyo wake ilifupishwa ikawa hatua moja, na mtazamaji akatakiwa kusadiki jambo ambalo katika misimu ya awali angeonyeshwa. Aristotle alikwisha kulikemea kosa la ukoo huu, alipotaka fundo la mchezo lifunguliwe na mchezo wenyewe, si na mtambo wa kumshusha mungu jukwaani, akaitaja Medea kuwa mfano wa kuepukwa. Watu zaidi ya milioni moja walitia sahihi katika ombi la kutaka msimu wa nane uandikwe upya na waandishi wenye uwezo. Haukuandikwa, na sidhani kuwa wengi wao walitumaini kuwa ungeandikwa.

Swali ninalotaka kulikalia ni hili: je, khatima mbovu ina mamlaka ya kurudi nyuma na kuyafuta yaliyotangulia? Wapo waliosema kuwa miaka yao imepotea bure, na hoja yao si dhaifu kama idhaniwavyo. Herodotus amesimulia jinsi Solon alivyokataa kumwita Croesus, mfalme tajiri wa Lydia, mtu mwenye heri, kwa kuwa siku zake zilikuwa bado hazijaisha. Na katika Hadithi aliyoipokea Bukhari imo habari ya mtu aliyepigana vitani hata watu wakastaajabia ushujaa wake, kisha akashindwa kustahamili jeraha akajiua mwenyewe, na Mtume (S.A.W.) akafundisha kuwa amali huhukumiwa kwa khatima zake. Elimu ya nafsi ya zama zetu nayo imetoa ushahidi. Mwaka 1993 Daniel Kahneman na wenzake waliwatia watu mikono katika maji ya baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60. Mara nyingine sekunde hizo hizo 60, zikifuatwa na 30 zaidi ambamo maji yalipandishwa taratibu hadi nyuzi 15. Walipoambiwa wachague ipi irudiwe, wengi waliichagua ile ndefu, yenye maumivu mengi zaidi, kwa kuwa ilimalizika kwa nafuu.

Lakini jaribio hilo, kwa maoni yangu, limeonyesha jinsi tunavyokumbuka, wala halikuthibitisha kuwa kumbukumbu ni yenye insafu. Na dini ile ile iliyotufundisha kuiogopa khatima imefundisha pia kuwa atendaye wema wa uzito wa chembe atauona. Mafunzo haya mawili siyaoni kuwa yanapingana. Khatima humhukumu mtenda: hufichua nia iliyokuwamo tangu mwanzo, ama upungufu wa nia. Basi katika hadithi anayesimama kizimbani ni msimulizi, si mtazamaji na saa zake. Usiku Ned Stark alipokatwa kichwa katika msimu wa kwanza wa Game of Thrones, mshtuko ulioingia moyoni ulikuwa halali, na hapana mwandishi wa mwaka 2019 awezaye kuuharamisha.

Hata hivyo insafu yataka nikiri kuwa kipo kitu ambacho khatima mbovu hukichukua kweli. Furaha nyingine husimama kwa dhati yake, na nyingine hutegemea ahadi: fumbo hutupendeza kwa kuwa tumeaminishwa kuwa jawabu lipo. Jawabu lisipokuja, furaha ile huonekana ilijengwa juu ya neno lisilokuwa na mwenyewe. Watengenezaji wa Lost, tamthilia ya watu ambao ndege yao ilianguka kisiwani, waliijua hatari hiyo, na Mei 2007 wakakubaliana na kituo cha ABC tarehe ya kumaliza miaka mitatu kabla, ili hadithi isiburuzwe na biashara ya matangazo hadi ikaishiwa nguvu. Khatima ikaja tarehe 23 Mei 2010. Mafumbo mengine yalijibiwa, mengine yakaachwa. Na ulimwengu wa pili ulioonyeshwa katika msimu wa sita ukadhihirika kuwa mahali pa wafu kungojeana, ambapo mtazamaji Mwislamu hangesita kupafananisha na barzakhi, katika jengo la ibada lenye dirisha la vioo vya rangi vyenye alama za dini sita. Aliyewapenda watu wa kisiwa kile alifarijika. Aliyeyapenda mafumbo alikasirika. Katika jengo hilo Jack, mmoja wa watu hao, alikutana na baba yake aliyekwisha kufa, naye akamweleza bayana kuwa yote yaliyompata yalikuwa ya kweli, na kuwa wakati aliouishi pamoja na wenzake ulikuwa na maana kuliko wote maishani mwake. Hata hivyo watazamaji wengi walizima televisheni wakiamini kuwa watu wale walikwisha kufa tangu siku ndege ilipoanguka.