Moshi wa Mageti

Asubuhi, katika mtaa wa Musaga, mafundi wa mageti wanafungua vibanda. Fundi ana ngao ya uso. Kijana anayemshikia bomba hana hata miwani, anageuza shingo tu cheche zinaporuka.

Macho tunayaogopa, maana yakichomwa na mwanga wa kuchomelea, usiku hulali. Moshi hatuuogopi. Lakini mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lenye makao Lyon, Ufaransa, liliuweka moshi wa kuchomelea vyuma katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, pamoja na tumbaku na asbesto.

Bomba lililopakwa zinki nalo lina vituko vyake. Mtu anavuta moshi wake mweupe mchana; jioni anatetemeka, homa imepanda, mdomoni ladha ya chuma. Atasema ni malaria. Baada ya siku moja au mbili amepata nafuu, anarudi kazini, wenzake wanamshauri anywe maziwa. Maziwa ni chakula kizuri, sikatai, ila yanakwenda tumboni, na moshi umeshafika mapafuni.

Kinachosaidia ni kuchomelea mahali pa wazi, upepo ukipita ubavuni, kichwa kisiinamie moshi, na kuvaa barakoa ya FFP2 au FFP3 inayobana vizuri. Kitambaa cha kawaida hakikingi vya kutosha. Gharama ya barakoa ni ya mwenye karakana: aiingize katika bei ya geti, kama anavyoingiza vijiti vya kuchomelea.