Mkono Uliozoea Kuokota

Wanangu mnaochunga pande za Archers Post na Dol Dol, nawaona. Jeshi likimaliza mazoezi, hata vumbi halijatua, mmeshaingia uwanjani na magunia. Maganda ya risasi ni shaba, na mnunuzi wa vyuma chakavu huilipia shaba bei nzuri kuliko bati. Sitawaambia kuwa pesa hiyo si kitu. Najua ukame umezifanyia nini manyatta zetu.

Lakini nisikilizeni. Ganda tupu lenyewe haliui. Litazameni: mdomo uko wazi, na kitakoni pamebonyea pale pini ya bunduki ilipogonga. Kando yake lipo jingine, limebonyea vilevile, ila risasi bado imo mdomoni. Hilo liligongwa likakataa kuwaka, na baruti yote imo ndani. Kwa mtoto anayeokota mbiombio jua likizama, hayo mawili ni pacha.

Ninachokihofia zaidi ni huo mkono. Mkono uliozoea kuokota hauulizi. Leo utaokota ganda, kesho chuma chenye mapezi kama samaki, keshokutwa kidude cha mviringo ambacho mdogo wako atataka kukichezea. Bomu lililorushwa lisilipuke, fyuzi yake, yaani kiwashio chake, huenda imeshaamka. Pengine linangoja kuguswa tu, na linaweza kungoja miaka mingi. Mvua ikinyesha hulifukua lile ambalo waliosafisha uwanja hawakuliona.

Hayo yametupata. Mwaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kulipa takriban pauni milioni 4.5 kwa zaidi ya watu 220, wengi wao Wamaasai na Wasamburu, kwa sababu ya mabomu yaliyobaki kwenye viwanja ambako jeshi lake lilifanya mazoezi. Wapo waliolipwa kwa viungo walivyopoteza, na wapo waliolipwa kwa sababu mtoto hakurudi na mbuzi.

Sheria nayo ipo. Risasi nzima mfukoni, bila leseni, ni kosa Kenya hii, na askari hatajali kwamba ulikuwa unatafuta shaba. Hata ganda tupu lina lake: moshi wa risasi huacha juu ya maganda madini ya risasi (ledi), ambayo ni sumu, kwa hiyo aliyeyashika asile kabla ya kunawa kwa sabuni.

Ukiona kitu usichokijua, simama hapo hapo. Usikirushie jiwe, usikisogeze kwa fimbo. Rudi kwa kufuata nyayo zako mwenyewe, funga kitambaa kwenye mti ulio mbali nacho, kisha umwambie chifu au polisi. Mifugo iliyobaki ndani ya uwanja iiteni mkiwa nje. Mbuzi akifa tutalia, lakini tutapata mwingine.

Nawe mkubwa unayemtuma mdogo wako aingie na gunia kwa kuwa ana macho makali, acha leo. Mtoto wa darasa la tatu hajui fyuzi ni nini. Anachojua ni kwamba wewe ndiye uliyemtuma.