Kipimo Kisichotaka Lebo

Kile kipimo cha pua cha Korona, cha mistari miwili, kilifanya kazi kwa kukivisha kirusi nguo. Mstari wenyewe ulikuwa rangi ya vichembe, mara nyingi vya dhahabu, vilivyofungwa kwenye kingamwili ili jicho lipate cha kuona. Wataalamu huita hiyo lebo.

Biosensa za mwanga zisizo na lebo zinaruka hatua hiyo. Mwaka 1983 watafiti watatu wa Sweden, Liedberg, Nylander na Lundström, walionyesha njia mojawapo ambayo bado inatumika. Unachukua utando wa dhahabu wa nanomita kama 50, juu unapaka kingamwili, chini unapiga mwanga. Kuna pembe moja ambapo mwanga unaorudi unafifia ghafla, dhahabu imeumeza. Kitu kikitua juu na kunasa, pembe hiyo inasogea. Basi. Hakuna rangi ya kuongeza, na mashine inafuatilia sekunde kwa sekunde.

Lakini mashine haijui Korona. Inajua tu kwamba kitu kimetua. Protini nyingine ya mate ikijibandika hapo, pembe itasogea vilevile. "Mgonjwa" ni neno tunaloongeza sisi, na hiyo ndiyo lebo inayonisumbua.

Si unakumbuka 2020? Kuna Wakenya waliopelekwa karantini wakaambiwa walipie kitanda na chakula wenyewe. Watu wakaanza kukwepa kipimo kuliko walivyokwepa kirusi. Eti wajinga? Walipiga hesabu tu: jibu moja lingekula kodi ya nyumba.

Kwa HIV tuna sheria ya 2006. Mwajiri hawezi kukulazimisha upimwe ndiyo upate kazi, na kipimo kinakuja na ushauri kabla na baada. Kwa virusi vya hewani hoja inabadilika, nakubali. Pumzi yangu kwenye matatu si yangu peke yangu. Shosho aliyekaa kando hakuulizwa kama anaitaka. Anayesema "mwili wangu, siri yangu" na kuishia hapo hajawahi kulala chumba kimoja na watu sita.

Ila kutoka hapo hadi kwa soja wa mlangoni mwenye mashine, huo ni mruko. Daktari akijua, ana dawa, ana kitanda, ana simu ya kukuulizia kesho. Soja ana neno moja: rudi. Kwa hivyo nashikilia hivi: anayetaka kunipima anadaiwa kwanza. Aseme nikiwa nacho nitalala wapi, nani atalipa siku nisizofanya kazi, na rekodi yangu itafutwa lini. Asiye na majibu hayo anajilinda yeye, hata akiita afya ya umma.

Zamani sampuli ilienda maabara ikakaa siku mbili. Kuchelewa huko kulikuwa kubaya, na wengine kuliwaambukiza. Lakini ndani ya siku hizo mtu alimpigia dadake simu, akajipanga. Dakika tano hazina nafasi ya simu.

Fikiria kibarua wa Industrial Area getini saa kumi na mbili asubuhi. Anatema mate kwenye kijikopo, mwanga unapiga dhahabu, pembe inasogea. Foleni nzima nyuma yake inamwona akirudishwa, na yeye mwenyewe hajaambiwa ni kirusi gani.