Alipokea Moto Kwanza

Somo: Matendo ya Mitume 28:1–10



Mwezi uliopita nilikuwa nikienda Msambweni kutembelea ushirika wetu wa nyumbani. Kijana mmoja, mwandishi wa habari wa redio hapa hapa Kwale, akanipa lifti ya pikipiki kutoka Ukunda. Ni Mdigo na ni Mwislamu, na barabara ile anaijua nyumba kwa nyumba. Alikuwa anapitia Gazi kuchukua habari za akina mama wanaotunza mikoko.

Njiani akaniuliza, "Pasta, una miaka kumi na moja hapa. Rafiki yako Mdigo ni nani?"

Nikaanza kuhesabu: mwenye duka, mama wa viazi karai, fundi wa baiskeli. Akacheka. "Hao ni watu unaowasalimia, pasta. Mimi nimeuliza rafiki."

Wapendwa, nilinyamaza.

Tulipokaribia Gazi mvua ikatupiga vibaya, tukakimbilia kwenye baraza ya mzee mmoja. Hakuuliza kabila wala dini. Alitandika mkeka, akanipa shati kavu la mwanawe, akamimina kahawa ya tangawizi. Karibu na mlango niliona sanduku lenye msumeno na randa.

"Mzee, wewe ni seremala?"

"La, mwanangu. Hiyo ni amana."

Akatueleza. Agosti 1997, ghasia zilizoanzia Likoni zilipoenea upande huu, jirani yake mtu wa bara alikimbia usiku na watoto, akamwachia sanduku lile. Hajarudi. "Kila mwaka naupaka msumeno mafuta usile kutu," mzee akasema. "Akija, ataikuta kazi yake."

Sasa sikia. Wengi wetu katika kanisa hili asili yetu ni bara. Mwaka 1997 tunausimulia kama mwaka wa kufukuzwa, na ni kweli: watu waliuawa, nyumba zilichomwa, maelfu wakalala kwenye uwanja wa kanisa la Kikatoliki Likoni. Hatutafuta hayo. Lakini lile sanduku pia ni sehemu ya habari ya mwaka ule. Kwa nini sikulijua miaka yote hiyo? Kwa sababu sikuwahi kuketi kwenye mkeka wa mtu.

Tufungue Neno. Luka naye alikuwa mtu wa kuchunguza na kuandika. Anasema hivyo mwenyewe mwanzoni mwa Injili yake. Alisafiri na Paulo, na merikebu ilipovunjika wakiwa watu 276, alikuwamo. Aliandika nini cha kwanza kuhusu Malta? Kwamba wenyeji, watu wasiomjua Yesu, waliwatendea wema usio wa kawaida. Mvua ilikuwa inanyesha, kulikuwa na baridi, wakawasha moto wakawakaribisha wote.

Angalia mpangilio huo. Paulo hakuanza na mkutano. Alikuwa mgeni aliyelowa maji, akaota moto wa watu, akaokota kuni pamoja nao. Maombi kwa baba yake Publio yalikuja baadaye, ndani ya nyumba ambamo alikuwa amekaribishwa. Mtume alipokea kwanza!

Sisi je? Tulifika Diani na Ukunda tukafunga vipaza sauti kabla hatujanywa kahawa ya mtu. Tunapenda kutoa: unga, nguo, trakti. Kupokea kunatushinda, kwa sababu anayepokea hana la kujivunia. Mpendwa, mtu unayempa tu hajawa rafiki yako bado.

Mtu atauliza, "Pasta, basi tusihubiri?" Tutahubiri! Paulo hakumficha Kristo Malta wala popote. Lakini wiki hii kazi ni hii: mtembelee jirani mmoja mwenyeji. Acha trakti nyumbani. Ukikaribishwa, kaa. Muulize habari zake, kisha umsikilize kama yule mwandishi anavyosikiliza.

Nimesharudi Gazi mara mbili. Sijui kama mzee ananiita rafiki. Mimi nimeanza kumwita hivyo.

Na jambo moja la mwisho. Kama kuna mshirika anayemjua seremala aliyetoka Gazi mwaka ule, amwone mchungaji baada ya ibada. Sanduku lake lipo.

Bwana atupe neema ya kupokea. Amina.