Daftari la Midomo

Katika vijiji vya Kisarawe, na huko Kibaha penye barabara iendayo Morogoro, twakaa karibu karibu. Mwenye kosa na aliyekosewa huchota maji mahali pamoja, na wadogo zao huketi darasa moja. Kwa hiyo jambo tunalotaka kulitazama si la mahakimu wa mbali tu. Mvulana aliyemnajisi mtoto mdogo, naye mwenyewe akiwa bado mtoto, akiisha kuadhibiwa, je, jina lake likae limeandikwa mpaka lini?

Nchi nyingine zimejibu kwa kalamu. Kenya, kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006, iliagiza Msajili wa Mahakama Kuu aweke daftari la waliohukumiwa, na mtu mwenye sababu ya haki aweza kulitazama. Marekani, mwaka huo huo, sheria iliwaingiza katika daftari hata watoto wa miaka 14 waliotenda makosa mazito. Uingereza palikuwa na mvulana aliyekosa akiwa na umri wa miaka 11, akaandikwa maisha yake yote; mahakama kubwa ya huko ikaamua mwaka 2010 kwamba si haki mtu kuandikwa daima pasipo nafasi yo yote ya kupimwa tena. Na Afrika Kusini, ambako jina la mtoto liliingia daftarini hakimu asiwe na hiari, kesi ya kijana aliyekuwa na miaka 14 ilipanda hadi Mahakama ya Katiba. Mwaka 2014 mahakama hiyo ilikata kwamba mtoto hana budi kutazamwa yeye mwenyewe na hali yake kwanza. Haikusema daftari livunjwe, wala haikuliita kosa lile dogo.

Kwetu, sheria ya 1998 ilimwekea mtu mzima abakaye kifungo kisichopungua miaka 30, bali mvulana asiyezidi miaka 18, kwa kosa la kwanza, viboko tu. Kisha Sheria ya Mtoto ya 2009 ikakataza kumfunga mtoto gerezani. Aweza kupelekwa shule ya maadilisho, kama ile ya Irambo, Mbeya. Kesi yake husikizwa faragha.

Faragha! Sisi tukaao vijijini twajua jinsi faragha hiyo inavyodumu. Kabla jua halijatua habari imekwisha fika sokoni. Daftari tunalo, nalo limo midomoni. Halina msajili wala ukurasa wa mwisho, na hakuna hakimu awezaye kufuta mstari wake mmoja. Hata waliozaliwa baada ya jambo lile husomewa.

Tena daftari hili lina upendeleo. Mvulana ambaye mjomba wake ana mikorosho mingi, neno lake huishia barazani kwa fedha na mbuzi, na midomo hunyamaza. Mwana wa mjane haachwi. Lakini lililo baya kuliko yote ni hili, kwamba humwandika na msichana. Yeye hakukosa lo lote, wala karatasi ya serikali haingemtaja, lakini katika daftari letu jina lake limeandikwa kando ya jina la aliyemdhuru, naye akipita watu hunong'ona.

Mama yake msichana huyo aweza kutuambia, "Ninyi waalimu mwamhurumia mwana wa watu, wangu atalindwa na nani?" Hatuna ruhusa ya kumnyamazisha. Twakiri kwamba wako wanaopaswa kujua: mwalimu mkuu, afisa wa ustawi wa jamii, na wazee wa nyumba yake. Asipewe watoto awachunge, hata apimwe miaka kadha wa kadha. Lakini masimulizi ya kisimani hayamlindi mtoto hata mmoja. Mara nyingi amdhuruye mtoto ni mtu wa nyumbani au jirani anayeaminiwa, na macho yote yakimkazia kijana mmoja, huyo mwingine hupita salama.

Kaini naye alitiwa alama, nasi hupenda kumtaja tukiwaonyesha watu vidole. Twasahau kwamba alama ile aliwekewa ili mtu asimwue.

Basi tuweke mfano kwamba kijana wetu sasa ana miaka 26. Amejifunza useremala, hajarudia kosa, naye ataka kuoa kijiji cha pili. Wazee wake watuuliza: tuwaambie wakwe, au tunyamaze? Wakinyamaza, midomo itasema siku ya arusi au siku ya msiba. Twaonelea aseme mwenyewe, kwa binti kwanza, kabla mshenga hajatumwa. Asimtaje msichana yule kwa jina. Na binti akikataa, asiulizwe sababu mbele za watu.