Faili la Majibu



Hapa Mbagala najifunza mwenyewe jinsi kompyuta inavyoundwa, kwa kozi ya Nand to Tetris ya Noam Nisan na Shimon Schocken. Chipu hununui. Unaielezea kwa maandishi, kisha simuleta, yaani programu inayojifanya kuwa chipu hiyo, unaiendesha kwa skripti: set a 1, set b 1, eval, output. Weka 1 huku, weka 1 kule, piga hesabu, toa jibu. Kila jibu linalinganishwa na faili jingine lenye majibu sahihi. Likipishana, simuleta inakuonyesha mstari wenye kosa.

Chipu ya Xor inatoa 1 pale tu namba mbili unazoiingizia zinapotofautiana. Ikipewa 1 na 1, inatakiwa kutoa 0. Yangu ilitoa 1. Usiku wa tatu nikachoka. Nikafungua faili la majibu, nikafuta ile 0, nikaandika 1. Skripti ikaenda mpaka mwisho bila kosa. Na jamani, sikusikia hatia yoyote, nililala vizuri tu!

Katekisimu, namba 1790, inasema tuitii dhamiri yetu tukiwa na hakika, na papo hapo inasema dhamiri inaweza kukosea. Namba 1791 inaongeza kwamba mara nyingi kosa hilo ni letu wenyewe. Zamani niliona kama yanagombana. "Dhamiri hainisuti": tunasema hivyo kuhusu mahusiano, kuhusu chenji iliyozidi kwenye daladala. Sawa, hainisuti. Lakini ni kwa sababu niko safi, au kwa sababu nilishalifungua faili nikabadilisha?

Kijana mmoja wa jumuiya yetu aliniomba folda ile kwenye flashi. Nikampa, nimeshasahau. Baada ya wiki akaniambia, "Kaka, yangu ilikataliwa mstari wa mwisho siku mbili nzima, hadi nikaibadilisha ndiyo ikakubali." Nikaomba nione ile ya kwanza. Ilikuwa sahihi kabisa.

Jumamosi nikaenda kuungama. Padre akanisikiliza, akanipa malipizi, halafu akauliza: "Na huyo kijana umeshamwambia?"

Bado. Jana alipita hapa kunirudishia flashi, akasema kompyuta anaziacha, si fungu lake.